Nyundo Ishike Wewe: Barua za Kutu, Shasi na Sispansiyo

Kutoka garajini, Goma

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kitu kimoja: magari ya 4x4 yaliyozeeka, yanagonga, yanaelemea, na kila fundi anauza spea yake. Nimechagua nne. Majina ya wenyewe na chapa za magari yao nimeyaacha nje, maana ugonjwa huu hauchagui chapa. Gari lolote lenye shasi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kati, likishapiga miaka 20 kwenye matope ya Masisi na mawe ya volkeno ya hapa mjini, ipo siku litaletwa kwangu kwa sababu hiyo. Na sispansiyo ni vile vyuma vinavyoshika magurudumu chini ya shasi: resori (springi), amotisa (shokabzoba) na mikono yake.

"Amotisa nimebadilisha mara mbili, gari bado linaelemea"

*Papa Fundi, jambo. Mimi ni mjane, nauza maharagi na jibini ya Masisi hapa Goma. Marehemu aliniachia 4x4 ya mwaka 1999, ya Japani, usukani kulia. Mwaka huu nimebadilisha amotisa za nyuma mara mbili. Mara ya kwanza nililipa dola 90, mara ya pili dola 120, kwa sababu fundi alisema zile za kwanza hazikuwa nzuri. Gari bado linaelemea kushoto, nyuma. Nikiondoka linagonga "ko", nikikanyaga breki linagonga tena "ko". Sasa fundi yule yule anasema ni resori. Watoto wanataka niuze. Mimi sitaki kuuza. — Mama wa Himbi*

Mama yangu, pole kwa msiba. Resori usinunue kwanza.

Amotisa haibebi gari. Uzito wote unabebwa na resori. Kazi ya amotisa ni kuituliza resori isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Amotisa ikifa, gari linayumba kama mtumbwi siku ya upepo, lakini halilali upande mmoja. Kwa hiyo dola zako 210 zilikwenda mahali pasipokuwa na ugonjwa, na hilo linaniuma, kwa sababu najua ni jibini ngapi hizo. Gari linaloelemea limechoka resori, au limekatika resori, au kile kikalio cha chuma kinachoipokea resori kimebonyea. Fundi wako amefikiria lile la kwanza na la pili. La tatu hakulitazama.

Ile sauti ya "ko" ndiyo inayonifanya nikuambie usubiri. Nyuma ya gari kama lako, ekseli imeshikwa na mikono mirefu ya chuma inayokwenda mbele hadi kwenye shasi. Ukiondoka, ekseli inaisukuma mikono hiyo. Ukifunga breki, inaivuta. Kama kila kitu kimekazwa, husikii kitu. Kama kuna nafasi mahali fulani, kila mara nguvu inapogeuka chuma kinakimbia nafasi hiyo na kugonga ukutani mwake. Nafasi hiyo inaweza kuwa kwenye silambloki, ile mipira iliyo kwenye ncha za mikono, na basi hapo tunamshukuru Mungu, maana silambloki ni bei ya vikapu viwili vya maharagi. Au inaweza kuwa pale mkono unapojishika kwenye shasi yenyewe, chuma kimeoza na sikio la mkono, kile kishikio chake kwenye shasi, linacheza. Mama, sauti mbele na nyuma pamoja na gari kulala upande huo huo vinanifanya nihofie hili la pili.

Naeleza kwa nini panaoza hapo. Mhimili wa shasi ni sanduku refu, tupu ndani. Waliolitengeneza waliacha matundu chini ili maji yatoke. Gurudumu la nyuma linarusha matope, matope yanaingia kwenye sanduku, yanateremka hadi mahali pa chini kabisa, mbele kidogo ya pale shasi inapopinda kupanda juu ya ekseli. Matundu yanaziba. Julai moja, kiangazi chenyewe, vumbi kila mahali, nilitoa ndani ya shasi moja beseni zima la mchanga mweusi wa volkeno, na mchanga ule ulikuwa mbichi. Gari lilikuwa halijaona mvua wiki nyingi. Chuma kile kilikuwa kinaoshwa usiku na mchana kutoka ndani, wakati mwenyewe alikuwa analipia kuliosha nje kila Jumamosi.

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa, basi. Ikianza, inafura: inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana unaona magamba yanayobanduka kwa tabaka. Gamba la unene wa kidole halina maana kwamba chuma kimekuwa kinene. Chuma kimekwisha, kimebaki unga.

Tena unga huo huwezi kuuona kwa macho. Miaka mingi iliyopita mzee mmoja aliniletea gari lake, chini lote jeusi, linang'aa, limepakwa ile rangi nzito kama lami. Niligonga mara moja karibu na mkono wa nyuma, nyundo ikazama. Mzee alishikwa na hasira, akasema nimemtobolea gari. Aliondoka bila kulipa, na wiki nzima mtaani nilikuwa yule fundi anayetoboa magari ya watu. Nilimwelewa. Macho yake yaliona chuma kizima, halafu yakaona tundu, na mwenye nyundo nilikuwa mimi. Tangu siku ile simgongei mtu shasi yake. Nyundo nampa mwenye gari.

Kwa hiyo, Mama, nenda kwenye garaji yoyote yenye shimo la kushukia. Gari liwe kavu na limeoshwa chini. Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika nyundo ndogo. Anza mbele, chini ya mlango, mahali pakavu, ili sikio lako lijue kwanza chuma kizima kinavyolia: kinalia "ngaa", sauti ndefu. Halafu rudi nyuma kidogo kidogo. Gonga chini ya mhimili, gonga ubavu wa ndani ambao hakuna anayeutazama, gonga kuzunguka sikio la mkono, gonga kikalio cha resori, panda hadi juu ya ekseli. Pale sauti itakapogeuka kuwa "pu", fupi na nzito, simama. Chukua bisibisi, sukuma. Usione huruma. Kama bisibisi inapita, ingepita tu siku moja, na siku hiyo ungekuwa kwenye mteremko wa kurudi Sake na gunia sita nyuma.

Mtihani mwingine: mwanao mkubwa akae kwenye usukani, injini inawaka, breki ameikanyaga vizuri. Aingize gia ya mbele, aachie klachi kidogo tu gari livute bila kwenda, halafu afanye hivyo hivyo kwa gia ya nyuma. Wewe simama ubavuni, mbali kidogo, uchungulie sikio la mkono. Likitembea pamoja na kipande cha shasi, umeshapata jibu na hukulipa hata franka moja.

Halafu fuata kwa macho mirija ya breki, ile ya chuma inayopita juu ya shasi kwenda nyuma. Inaoza pamoja na shasi na haipigi kelele hata siku moja. Mafundi wengi wanaisahau.

Utaniuliza, tundu kubwa kiasi gani ndilo baya? Hapa nina kipimo ambacho hakikutungwa Goma. Marekani wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na wenye pikapu za Toyota Tacoma walilalamika miaka mingi kuhusu shasi zilizooza. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza kwamba Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizoliwa kupita kiasi itazinunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 yakafikiwa makubaliano mengine kwenye kesi, yakihusu Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008 na Sequoia za 2005 hadi 2008, jumla magari yapata milioni 1.5, na gharama ikakadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Na kipimo walichokubaliana ni hiki: kutu ikitoboa shasi tundu la milimita 10 au zaidi, shasi inabadilishwa. Milimita 10 ni kichwa cha boliti cha spana namba 10, ile ndogo inayopotea kila siku garajini. Huko, tundu kama hilo linatosha kubadilisha shasi nzima. Huku watu wanaliziba kwa kipande cha bati na kupaka rangi.

Sikuambii hivyo ili uuze. Kama nyundo inalia vizuri kila mahali, badilisha silambloki za mikono yote, pima urefu wa resori ya kushoto na ya kulia zikiwa zimetolewa, na ukinunua nunua mbili, si moja. Kama kuoza ni kwenye sikio la mkono peke yake na chuma cha kuzunguka ni kizima, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kulikata na kuweka jipya. Lakini kama mhimili wenyewe unasema "pu" kwa urefu wa kiganja, tafuta shasi nyingine kutoka kwa gari lililopata ajali mbele. Ni kazi ya wiki mbili au tatu na inafanyika hapa hapa Goma. Kabla hujalipa, kumbuka kwamba kwenye 4x4 nyingi za Japani namba ya gari imegongwa kwenye shasi, mbele upande wa kulia. Shasi mpya ina namba nyingine, na kati roze yako, ile kadi ya usajili wa gari, haitakubaliana nayo. Mambo hayo ya karatasi yamalize kwanza, si baadaye kizuizini.

Na mpaka nyundo itakapopita, usipakie maharagi. Mjini polepole, wewe na jibini zako, basi.

"Chini limepakwa rangi mpya kabisa"

*Muzee, jambo sana. Niko Bukavu, Kadutu. Kuna 4x4 imefika kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, muuzaji anasema haijawahi kuguswa. Chini ni jeusi kama limetoka kiwandani. Ni dalili nzuri? — Kijana anayetafuta gari la kwanza*

Kijana wangu, gari lenye miaka 20 lililo safi chini kuliko juu, usilipe siku hiyo.

Japani si nchi moja kwa upande wa kutu. Kaskazini, Hokkaido, theluji ni nyingi na barabara hutiwa dawa ya chumvi. Kusini gari linaweza kuzeeka bila gamba moja. Magari mengi yanayotufikia yamepita mnadani huko, na yanakuwa na karatasi ya mnada yenye mchoro wa gari na herufi. Herufi S ni ya kutu, ambayo Wajapani wanaiita "sabi", na C ni ya chuma kilicholiwa zaidi. Mwombe muuzaji karatasi hiyo. Akisema imepotea, si lazima awe mwongo, lakini bei ishuke.

Kisha tazama pale ambapo mpakaji rangi hafiki. Washa tochi ya simu, chungulia ndani ya matundu ya shasi. Nje nyeusi na ndani magamba ya rangi ya kahawia, umeshajua. Angalia kama rangi imeziba matundu ya kutolea maji: aliyepaka hivyo hakuwa analilinda gari. Beba sumaku, ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha, uipitishe chini ya milango na kwenye shasi. Mahali isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki, ile putty ya kuzibia matundu, chuma hakipo.

Mwisho mwombe ruhusa ya kugonga. Muuzaji anayekataa nyundo ndogo amekujibu.

"Unatutishia wateja"

*Mwenzangu, nimesoma uliyoandika zamani kuhusu kuchomelea shasi, kwamba iliyotoboka ibadilishwe, isizibwe. Mimi ni fundi wa mtaa wa Ndosho, nimechomelea shasi zaidi ya unazoweza kuhesabu na zinatembea. Sisi hapa si Marekani. Mtu akikosa dola 1,500 za shasi, aache gari liote majani? — Fundi mwenzako*

Mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na sehemu moja una haki, nilikosa kuisema. Tundu si tundu. Kuoza nyuma kabisa, pale shasi inapobeba bampa tu, si sawa na kuoza pale inapobeba mkono au resori. La kwanza ni aibu, la pili ni ajali. Nilipaswa kutenganisha.

Lakini tuzungumze kama mafundi. Ninachokiona kila wiki ni bati jembamba lililobandikwa juu ya magamba, limechomelewa kuzunguka, limepakwa rangi. Moto umeshika nini pale? Umeshika kutu. Na kati ya bati na chuma cha zamani maji yamefungiwa kama kwenye chupa. Mwaka mmoja baadaye bati ni zima na shasi nyuma yake haipo.

Wewe unayejua kazi unafahamu namna nyingine. Ondoa waya wa betri, ondoa au kinga tangi la mafuta na mirija ya breki. Kata kilichooza chote hadi chuma kinachong'aa, hata kama tundu linakuwa kubwa na mteja anashika kichwa. Tumia chuma cha unene ule ule wa shasi, si bati la mlango wa duka. Kiraka cha ubavuni kikate ncha zake kwa mshazari, kama almasi, maana mstari wa moto uliosimama wima kuvuka mhimili unakuwa ndio mstari wa kukatikia. Na ndani ya sanduku moto umeunguza kinga yote, kwa hiyo mwaga nta au grisi iliyoyeyushwa ipite humo, usifunge tu na kwenda zako. Ukifanya hivyo, mimi mwenyewe nitapanda gari hilo hadi Rutshuru.

Kuhusu dola 1,500: najua. Watu wetu hawana. Ndiyo maana nataka wagonge mapema, kuoza kukiwa bado ni kwa sikio la mkono, kazi ya siku mbili kwako na bei wanayoiweza. Anayekuja mwaka wa tano hatumsaidii, si mimi si wewe.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa Ndosho teksi ni nyingi. Mbele, kwenye baadhi ya 4x4 za Japani za miaka ya 1990, rotuli ya chini (ball joint, kile kifundo kinachoshika gurudumu) imewekwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke, haiikandamizi iingie. Mpira wake ukipasuka, vumbi la mawe yetu linaingia, grisi inatoka, na siku ikichomoka gurudumu linalala ndani na gari linakaa chini. Waombe wateja wako uutazame mpira huo kila vidanji, yaani kila wanapobadilisha mafuta ya injini. Huo ni ulinzi wa bure.

"Ni chumvi ya ziwa?"

*Papa Fundi, sisi madereva wa Kyeshero tunaosha magari ziwani. Wengine wanasema maji ya Kivu yana chumvi ndiyo yanayoozesha. Wengine wanapaka mafuta machafu ya vidanji chini. Ukweli uko wapi? — Dereva wa teksi*

Ziwa Kivu kweli lina chumvi na madini mengi kuliko maziwa mengi ya maji baridi, kwa sababu ya chemchemi za volkeno zinazoingia chini yake. Lakini juu, pale mnapochota, ni kama gramu 1 kwa lita moja. Bahari ina gramu 35. Si ziwa linalokula magari yenu. Mngeniuliza kuhusu mvua ningekuwa na zaidi ya kusema: moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, ikikutana na mawingu mvua inashuka na asidi, na upepo mara nyingi unaupeleka magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mnaolala huko mtazame mabati ya nyumba kabla ya kutazama gari.

Kinachoharibu ni namna mnavyoosha. Mnaingiza magurudumu ndani ya maji, mnasugua milango hadi ing'ae, na chini matope yanalowa tu, hayatoki. Zibueni matundu ya shasi kwa waya, ingizeni mpira wa maji ndani ya sanduku hadi yatoke maji meupe, kisha gari lisimame juani kwenye mteremko, pua juu, mpaka liache kudondosha. Na tena jamani, sabuni na mafuta yenu vinarudi kwenye maji tunayokunywa. Choteni maji, osheeni mbali na ufuko.

Mafuta ya vidanji yanazuia kutu kidogo, ni kweli, lakini yanafurisha silambloki na mipira mingine yote iliyo chini, inalainika na kupasuka, kisha vumbi linashika juu yake. Kama huna nta, chukua grisi safi, paka chuma kilichokauka peke yake, na mipira usiiguse.